Kiambaza cha Mkunga

Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kulitamka mbele yake, na hapa pia sitalitamka. Mtaa wetu wote wa Malindi ulimwita Mkunga. Muuza samaki alimwita Mkunga. Hata mwenye nyumba wetu, ambaye hakumpenda hata kidogo, alimwita hivyo hivyo, maana watoto wake wote walipokewa na mikono ile na asingeweza kujifanya hamjui.

Nilimwona mara ya kwanza wiki niliyoingia nyumbani kwa mume wangu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikitokea kwetu Uroa. Nilikuwa nimekaa kitandani na hina yangu mikononi, nikasikia nyayo juu ya kichwa changu. Hazikuwa za panya. Zilikuwa nyayo za mtu mzima, zinatoka ukuta huu kwenda ukuta ule. Kisha kifuniko cha darini kikafunguka, ikashuka miguu mirefu, na nyuma yake mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga kiunoni, buibui kalitia kwapani.

"Shikamoo, Bi," nikasema.

"Marahaba. Usinyanyuke. Nnakwenda nyumba ya tano, kuna mtu ana uchungu. Nimeteremka nikutazame tu."

Alichokitazama ni nyonga zangu. Akaguna kama mtu aliyeridhika na alichokiona sokoni, akapanda tena ngazi, na nyayo zikaendelea na safari yao. Tangu siku ile aliniita Bi Arusi, na hakuacha hata nilipokuwa na watoto watatu.

Yafaa nieleze zile nyumba zilivyokuwa. Zilikuwa tano, za mawe na chokaa, vyumba vya kulala juu, zimeshikana ubavu kwa ubavu, na juu yake limepita paa moja la mabati kutoka ya kwanza hadi ya tano. Kuta zilizotenga nyumba na nyumba zilikwenda mpaka kwenye dari, zikaishia hapo. Juu ya dari, chini ya mabati, palikuwa wazi patupu. Mtu aliweza kuinama kidogo akatembea juu ya boriti kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho asikutane na kizuizi chochote.

Sisi wanawake tulipapenda mno mahali hapo. Waume zetu hawakutaka tuonekane barabarani ovyo, basi darini ndiko kulikokuwa barabara yetu. Kule ulipita unga wa kuazima, ukapita mchuzi wa kuonjana, zikapita habari za harusi na za talaka kabla hazijafika msikitini. Na hakuna aliyeitumia njia ile kuliko Mkunga mwenyewe. Yeye alikaa nyumba ya pili, mimi ya tatu. Nyumba ya kwanza alikaa fundi magodoro, na magunia yake ya sufi yalijaa darini kwake mpaka yakamwagikia juu ya nyumba ya Mkunga, kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Kama unamfikiria kuwa mkunga mpole, wa maneno laini na mkono wa kubembeleza, hukumjua. Mzazi akipiga kelele alimwambia, "Piga, lakini sukuma. Kelele peke yake haizai." Watoto aliwapenda siku saba tu za mwanzo. Wakishakatwa nywele aliwarudisha kwa mama zao kama mtu aliyemaliza zamu yake, na baadaye wakimkimbilia njiani aliwaambia waondoke wasimkanyagie buibui. Lakini mbuzi wa jirani alipokufa kwa kula kamba, Mkunga alilia mchana kutwa, akatukataza tusimuulize.

Na yeye, aliyetupigia kelele miaka mingi juu ya moto, alikuwa akiunguza wali wake kila siku. Kila siku ya Mungu. Harufu ya ukoko ulioungua ilikuwa ndiyo saa yetu ya adhuhuri. Ukimwambia, alijibu, "Mimi naunguza sufuria yangu, jiko liko uani na ndoo ya maji iko pembeni. Wewe uliyelala chini ya sufi, nani kakuwekea ndoo?"

Kisa cha kuuogopa moto alinihadithia mara moja tu, na kwa maneno machache. Zamani, kabla ya kuhamia Malindi, aliitwa kuzalisha katika safu nyingine ya nyumba kama zetu. Moto ulianza nyumba ya mbali, ya nne kutoka pale alipokuwa. Hakuna aliyewaambia kitu, kwa sababu hakuna aliyejua. Moto haukupita barabarani wala milangoni, ulipita juu, chini ya bati, kimya kimya, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakila chakula chao. Kitu cha kwanza alichokiona ni moshi unashuka kwenye nyufa za dari. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza kashika pumzi.

"Tulikuwa watatu chumbani," aliniambia. "Nilitoka na mmoja."

Sikuuliza ni yupi. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa ameiweka mikono yake, kama mtu aliyebeba kitu kidogo.

Basi mwaka wa pili wa ndoa yangu akaenda kwa mwenye nyumba, akamtaka apandishe kuta zile nne mpaka zifike kwenye mabati. Kiambaza cha mawe darini, baina ya kila nyumba na nyumba. Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara mkubwa, mtu wa kanzu safi na maneno ya taratibu. Alimwambia uzito utavunja nyumba, na kwamba baba yake alijenga hivyo na hakuna kilichoungua.

"Bado," Mkunga akamwambia, akatoka.

Akamwendea mwashi mzee mmoja. Mwashi akakataa, hataki kugombana na mwenye nyumba anayempa kazi. Mkunga hakumlazimisha. Alimwomba amfundishe kuchanganya chokaa tu, basi. Mwashi akamfundisha, na siku ya tatu akaja kuangalia anaendeleaje. Alimkuta Mkunga darini, chokaa mpaka kwenye nyusi, amepanga mistari miwili ya mawe iliyopinda kama meno ya mzee. Yule mwashi alisimama akaitazama kazi ile kwa huzuni kubwa. Hakuweza kustahimili. Akachukua mwiko mkononi mwa Mkunga, akabomoa, akaanza upya. Kila mtu akimuuliza anafanya nini pale, alijibu, "Nimekuja kutazama tu." Alitazama miezi minne.

Mawe tuliyapandisha sisi kwa vikapu, waume wakiwa kazini. Nasema sisi, lakini si wote. Bi Zuhura wa nyumba ya nne, mwanamke mcheshi aliyekuwa shoga yangu mkubwa, alikuja juu na kusimama mbele ya mawe, mikono kiunoni.

"Mkunga, unatufungia njia yetu. Mimi ntakwenda wapi? Ntazungumza na nani, na kuta?"

"Mlango wa mbele unao."

"Mume wangu hataki."

"Basi kazungumze na mumeo. Mimi nazungumza na moto."

"Weka japo kimlango, cha kupita mtu mmoja."

"Unapopita wewe, na moto utapita. Hapana."

Bi Zuhura hakusema naye mwezi mzima kazi ile ikiendelea. Na hata mimi, nisiseme uongo, nililia jioni ile kiambaza cha upande wake kilipofika juu na uso wake ukapotea nyuma ya jiwe la mwisho. Nilimwona Mkunga ni mtu mkatili, aliyezoea kutamalaki miili ya watu hata akadhani anatamalaki na maisha yao.

Lakini siku ya pili, alasiri, mlango wetu wa mbele ukagongwa. Mkunga alikuwa nje, kavaa buibui lake vizuri, kajitia hanjamu kama mtu anayekwenda harusini. "Toka, Bi Arusi. Twende kwa Zuhura." Mume wangu, aliyekuwa karani bandarini, ndiyo kwanza karudi. Akauliza tunakwenda wapi.

"Kwa Bi Zuhura," akajibu Mkunga.

"Bi Zuhura si hapo tu, mlango wa pili?"

"Ndo maana tunakwenda kwa miguu."

Mume wangu akasimama mlangoni. Akatufuata kwa macho hatua zile kumi na tano, za kwanza nilizotembea barabarani bila yeye. Ikawa kila alasiri. Mwezi wa kwanza alikuja Mkunga kunitoa. Mwezi wa pili nilitoka mwenyewe.

Kitu kimoja kilinishangaza tangu mwanzo wa kazi ile. Hatari kubwa ilikuwa upande wa magunia ya sufi, kwa fundi magodoro, na kila mtu alijua. Lakini fundi magodoro alikataa katakata asogezwe gunia hata moja, na karatasi ya ruhusa ya mwenye nyumba alikuwa nayo. Basi Mkunga alianzia upande wa pili, baina ya nyumba yake na yangu. Kisha akaenda baina ya yangu na ya nne, na baina ya nne na ya tano. Ukuta wa nne, baina yake na sufi, haukujengwa.

Nikamwambia, "Bi, mbona umejifungia ndani pamoja na moto?"

"Sikujifungia. Nimeufungia moto. Mimi nina miguu."

Kiambaza cha kwanza kilipokwisha aliniita tukijaribu. Yeye alikaa kwake na chetezo, akatia udi kwenye makaa, mimi nikakaa kwangu gizani, pua juu.

"Unasikia?" akapaza sauti nyuma ya ukuta.

"Naam, nnasikia. Huku juu, karibu na bati."

Akapanda na chokaa yake akaziba. Akatia udi tena. "Sasa?"

"Kidogo. Pale boriti inapopita."

Akaziba. Tulifanya hivyo siku tatu. Mahali pengine palikuwa padogo hata unyoya usingepita, lakini yeye alisema panapopita harufu patapita moshi, na moto hauko mbali na moshi wake. Siku ya tatu nilikaa muda mrefu, nikavuta pumzi mpaka kichwa kikaniuma. Sikusikia kitu isipokuwa chokaa mbichi. "Hakuna, Bi," nikasema. Upande wa pili nikasikia mwiko ukiwekwa chini. Kisha nikamsikia anacheka peke yake, kicheko cha msichana, sikuwahi kukisikia kabla na sikukisikia tena.

Mwenye nyumba alipopata habari alimpelekea barua ya kumtaka avunje viambaza vile au ahame, na akaweka siku ya kuleta watu wa kuvunja, Jumamosi. Mkunga aliisoma barua, akaitumia kuwashia jiko. Alhamisi, binti mkubwa wa mwenye nyumba akashikwa na uchungu, na mtoto akakaa vibaya.

Tulimwambia, hii ndiyo nafasi yako, mwekee sharti. Alitutazama kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta pa kuficha uso. Akachukua mkoba wake akaenda. Alikaa kule mpaka Ijumaa baada ya sala. Mtoto alitoka mzima na mama mzima. Mwenye nyumba, macho mekundu kwa kukesha, alimfuata mpaka mlangoni.

"Mkunga, jenga utakavyo."

"Sikukuomba ruhusa, basi usinipe," akamjibu. "Hii nimeifanya kwa ajili ya binti yako. Ile naifanya kwa ajili ya wanaolala chini ya bati lako. Usizichanganye."

Jumamosi hakuja mtu wa kuvunja. Lakini mwenye nyumba hakumsamehe kwa jibu lile, na naamini jibu lile lilimuuma kuliko viambaza vyote.

Moto ulikuja mchana, mwaka wa tatu baada ya hapo, baina ya adhuhuri na alasiri. Nilikuwa na siku ya tisa tangu kumzaa mtoto wangu wa pili. Mkunga alikuwa chumbani kwangu ananikanda kwa maji ya moto. Sikusikia kelele. Nilimwona yeye tu, mikono imesimama juu ya tumbo langu, pua imeinuka.

"Sufi," akasema.

Akapanda ngazi ya darini, umri ule, kama paka. Nilimsikia anatembea juu yangu mpaka kwenye kiambaza chake, akasimama. Aliporudi viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa chokaa.

"Kina joto. Hakijapitisha kitu. Vaa."

"Bi, nyumba yako…"

"Nyumba yangu inaungua. Vaa nguo, mwanangu."

Ndiyo siku pekee aliyoniita mwanangu. Nilitaka kukimbia na mtoto nikiwa na upande mmoja wa kanga. Akanishika mabega.

"Nisikilize. Kiambaza hakizimi moto. Kinaushika kidogo, watu watoke. Hicho kidogo ndicho tulichojenga. Basi tukitumie, tusikipoteze kwa kukimbia ovyo tukaanguka ngazini."

Akanifunga kanga vizuri, akambeba mtoto yeye. Tukashuka taratibu, tukagonga kwa Bi Zuhura, tukagonga nyumba ya tano. Wote wakatoka, hata bibi kizee wa nyumba ya tano aliyekuwa hawezi kutembea, akabebwa pamoja na kiti chake. Fundi magodoro na watu wake walikuwa wameshatoka zamani, nyusi zimeungua. Barabarani tuligeuka kutazama. Mabati ya nyumba ya kwanza na ya pili yalikuwa yakijikunja kama majani makavu, moshi mweusi unatoka kila upande. Ya nyumba ya tatu yalikuwa yamelala pale pale, yanameta juani.

Gari la zimamoto lilipofika na mpira ukafungwa, dari ya Mkunga ilikuwa imeshaanguka ndani. Kitanda chake, masanduku yake, kanga zake za miaka yote, vyote vilikwenda. Bi Zuhura akamwendea analia, akamshika mikono, akataka kusema jambo. Mkunga akamkatiza.

"Wamehesabiwa watu?"

"Wote wako, Bi."

"Basi mnalilia nini?"

Lakini nilikuwa karibu yake, na mtoto wangu alikuwa bado kifuani pake. Alikuwa amemkumbatia kwa nguvu hata mtoto akaanza kulia, naye hakumlegeza. Ilibidi nimtoe mwenyewe, kidole kwa kidole.

Baada ya hapo alihamia Ng'ambo, kwa jamaa zake. Mwenye nyumba aliezeka upya nyumba zile mbili, na ule ukuta wa nne, niliambiwa, aliupandisha mpaka juu bila kuambiwa na mtu. Mkunga hakurudi kuuangalia. Alisema hana shida na ukuta uliojengwa baada ya moto.

Nilimwona kwa mara ya mwisho mwishoni mwa miaka ile ya hamsini. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na miguu imevimba. Nilikuwa narudi sokoni Darajani nikasikia sauti yake, nikaifuata. Mwenye nyumba wetu alikuwa anajenga safu mpya, nyumba sita, na kuta zilikuwa zimefika kwenye dari. Mkunga alikuwa amekaa juu ya lundo la mawe mbele ya mlango, fimbo mapajani, na mafundi wamesimama wakimtazama.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, Bi Arusi. Kaa. Hawa wanataka kuezeka, na juu kuko wazi."

Msimamizi wa kazi, kijana mwenye adabu, akaniomba nimchukue bibi yangu nimpeleke nyumbani, maana mawe aliyoyakalia yanahitajika. Nikaweka kikapu changu chini, nikakaa. Wakapita wanawake wawili tuliowajua, wakauliza kuna nini, nao wakakaa. Kufika adhuhuri tulikuwa saba juu ya mawe yale na kazi imesimama.

Mwenye nyumba akaja. Alikuwa amezeeka naye, lakini kanzu bado safi. Hakumtazama Mkunga. Alinitazama mimi, mpangaji wake.

"Na wewe? Mumeo anajua kama uko hapa?"

"Atajua nikirudi," nikamjibu.

Akakung'uta vumbi kwenye kanzu yake. Kisha akamgeukia Mkunga. "Hii si nyumba yako."

"Wala si yako. Ni ya watakaolala ndani. Wewe utalala kwako."

Mwenye nyumba akageuka. Alimwita msimamizi pembeni, akamnong'oneza, akaondoka zake bila kuaga. Msimamizi akarudi akawaambia mafundi wachanganye chokaa. Tukainuka juu ya mawe, wakaanza kuyabeba. Tulidhani Mkunga ataondoka sasa, amepata alichotaka. Akakataa. Akataka apandishwe darini. Mafundi wawili walimbeba juu ya ngazi, nami nyuma yao, akasimama kwenye boriti akiniegemea mpaka kiambaza kilipomfika kiunoni. Akanyoosha mkono, akapitisha kiganja juu ya mawe, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kimepinda," akasema.

"Bibi, hata huoni," fundi akasema.

"Teremsha timazi."

Fundi akateremsha kamba yake yenye risasi, nasi sote tukainama kuitazama. Ilining'inia pembeni ya jiwe, mbali kwa upana wa kidole. Fundi akamtazama Mkunga, akanitazama mimi, akafuta jasho. Kisha akashika jiwe la juu kabisa, akaling'oa, akaanza tena.